Wanaume walionaswa na picha za ngono wapewe mahali pa kuungama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wachungaji, mapadri na wazee wa kanisa wa hapa Dodoma. Mimi ni muuguzi, Mwanglikana, na ni mke wa fundi wa kuchomelea mageti ambaye kwa miaka mingi alikuwa mtumwa wa picha za ngono. Haya ninayoandika ameyasoma mwenyewe kabla sijayatuma, na ndiye aliyeniambia nisipunguze neno.

Sitaeleza alichokuwa akitazama. Nitasema kilivyotuathiri. Alikuwa akinunua bando la usiku, mimi na watoto tukilala yeye anabaki na simu sebuleni. Asubuhi anaamka na hasira, hataki kuulizwa kitu. Chumbani tukawa kama wapangaji wawili. Kilichoniumiza kuliko vyote ni kumwona kanisani: watu wakiinuka kwenda kwenye Meza ya Bwana, yeye anabaki ameinamisha kichwa, na nikimuuliza anasema tumbo linamsumbua. Mtu anayesingizia tumbo kila mara wakati wa ushirika anaomba msaada, ila hajui aanzie wapi. Wazee wa kanisa walikuwa wakimwona. Hakuna aliyemfuata.

Nilipogundua, nilikwenda kwa mama mmoja anayeheshimika sana kanisani. Alinipokea vizuri, akanipa maneno yale yale niliyopewa kwenye kitchen party yangu: jipambe, fukiza udi, badilisha mashuka, mume haangalii nje kama ndani kunavutia. Nikatii. Nilitumia hela na nguvu, na kila usiku aliporudi kwenye simu nililia nikijiona mimi ndiye niliyepungukiwa. Baadaye mume wangu alinieleza kwamba alianza akiwa na miaka 13, kwenye banda la video, wakubwa walipokuwa wakibadilisha mkanda watoto wakiwa bado ndani. Alinioa akiwa na miaka 28. Jambo lililomtangulia mke kwa miaka 15 linawezaje kuwa kosa la mke? Nawaomba akina mama wenzangu tunaofunda mabinti, tuache kabisa kumtwisha mwanamke mzigo huu.

Yeye naye alitafuta msaada kimyakimya. Alikwenda kwenye mkutano wa maombezi, akapakwa mafuta, akaambiwa amefunguliwa. Haukupita muda akarudi kule kule. Alipomrudia mtumishi yule, akajibiwa kwamba imani yake ni haba. Tangu hapo akajificha zaidi kuliko mwanzo. Simkatai Mungu anayemfungua mtu kwa siku moja. Katika ukoo wetu wapo walioacha pombe hivyo na hawajaigusa tena. Ninachokataa ni kumwekea mtu mikono jioni na kumwacha peke yake na simu yake usiku uleule.

Msaada ulitoka Mvumi, kwa baba yake mdogo, mzee ambaye wajukuu zake wanamwona wa kizamani. Mzee huyu ni mtu wa Uamsho, ule ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930 na kuenea hadi kwetu huku Dodoma. Vijana wa leo huenda hawajui ndugu wale walikuwa wakifanya nini. Walikuwa wakikaa pamoja, mtu anasimama anataja dhambi yake wazi mbele ya wenzake, nao wanamwombea na kumshangilia kwa kuwa ametoka gizani. Waliliita jambo hilo kutembea nuruni, kama ilivyo katika Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya kwanza. Waraka wa Yakobo nao, sura ya tano, unaunganisha kuponywa na kuungama sisi kwa sisi na kuombeana. Makanisani tumebaki na kuombeana, kuungama tumekuacha.

Mume wangu alipomweleza, mzee hakushtuka. Aliuliza, "Mkeo anajua?" Akajibiwa anajua. Akauliza tena, "Na mwingine nani?" Hakuna. Akasema, "Basi tafuta wengine pale mjini, usiku mimi niko mbali."

Ndivyo lilivyoanza kundi lao. Wanakutana Alhamisi jioni karakanani, mashine zikishazimwa. Yupo dereva wa bajaji, yupo mwalimu, yupo mtumishi wa Serikali aliyeacha familia Dar es Salaam. Wanasoma Zaburi ya 51, au Ayubu sura ya 31 pale anaposema amefanya agano na macho yake, kisha kila mmoja anaeleza wiki ilivyokwenda. Mzee aliwapa sharti moja tangu mwanzo: taja dhambi, usisimulie picha, maana ukisimulia unampa mwenzako jaribu. Wanaombeana kwa majina. Na usiku mtu akizidiwa, hata kama hana salio, anabipu tu, mwenzake anapiga, wanaongea mpaka hali itulie.

Simu nayo ilibadilishwa. Mume wangu sasa anatumia kitochi. Pesa zinaingia na kutoka kama kawaida, na picha za mageti na madirisha wateja wanazituma kwenye simu yangu, namwonyesha akirudi. Wapo wateja wanaomcheka. Yeye anasema Yesu aliongea juu ya kung'oa jicho, simu ni kitu kidogo.

Je, hajaanguka tena? Ameanguka, na zaidi ya mara moja. Tofauti ni kwamba sasa naambiwa kabla hapajakucha, na kundi linaambiwa siku hiyohiyo. Siku za kuanguka zimeendelea kuwa mbali na mbali, na sasa ni muda mrefu hajarudi kule. Kwenye Meza ya Bwana tunakwenda pamoja. Hasira za asubuhi zimekwisha, watoto ndio waliokuwa wa kwanza kuliona hilo.

Kwa kuwa ni muuguzi, niseme na hili. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeitambua hali ya mtu kushindwa kabisa kudhibiti tabia yake ya kingono kuwa tatizo la afya ya akili. Halikuiita uraibu, na wataalamu bado wanabishana juu ya jina hilo. Limeonya pia kwamba mtu kujisikia hatia kwa sababu za kimaadili peke yake hakutoshi kusema ni mgonjwa. Kwangu mimi hilo haliondoi dhambi, wala dhambi haiondoi ugonjwa. Mwenye sonona, au anayefikiria kujiua kwa aibu, aombewe na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mirembe, hospitali ya afya ya akili, tunayo hapa hapa Dodoma, na ni aibu kwetu Wakristo kwamba jina la hospitali hiyo bado tunalitumia kutukania watu.

Mji wetu una sababu ya pekee ya kulishughulikia jambo hili. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, vyumba vya kupanga vimepata wanaume wengi ambao wake zao wako mbali, na vyuo vimejaa vijana walioishika simu kabla ya kushika Biblia. Makundi ya kutumiana "konekisheni", yaani video za ngono, yamo hadi kwenye simu za watoto wa kipaimara, wakati Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza uchafu huo. Mahubiri ya kukemea wanayasikia kila mara. Wanatikisa vichwa, wanaitikia amina, wanarudi vyumbani.

Kinachowazuia kufunua vinywa ninakijua, kwa sababu kilitupata. Kiongozi mmoja aliyeambiwa siri ya mwanandoa aliigeuza kuwa mfano wa mahubiri. Jina hakulitaja, lakini kanisa zima lilijua ni nani. Nyumba ile haisali tena pale. Kwa hiyo mchungaji anayetaka kuwasaidia wanaume wake aanzie hapo: asimame mbele ya waumini aahidi kwamba atakayoambiwa hayatafika madhabahuni wala kwa mama mchungaji, kisha ahakikishe wake nao wana mama wa kuwasikiliza bila kuwalaumu. Mume wangu na wenzake wako tayari kwenda kukaa na kundi lolote la wanaume linaloanza, mjini au vijijini, la dhehebu lolote. Hawahitaji posho, nauli watajilipia.

Mke wa fundi,
Chang'ombe, Dodoma
(Jina langu nimemwachia Mhariri)