Kwa wanangu wa mwaloni mnaotaka kushika waya

Wanangu wa mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, mwangaluka.

Nimesikia kwamba mbalamwezi hii, mkiwa mmeanika nyavu mnasubiri giza lirudi, stori ilikuwa moja tu: mwenzenu kaacha dagaa, kaenda kusomea umeme chuo cha ufundi cha VETA Nyakato. Wengine mkacheka. Mtu mzima wa miaka 38, baba wa watoto wanne, akakae dawati moja na watoto wa jana! Mimi nilianza nikiwa na miaka 42, kwa hiyo mlinicheka na mimi.

Hesabu hazikunisumbua sana. Kilichonitesa ni kuitwa saidia. Fundi wangu wa kwanza alikuwa kijana wa miaka 23. Mimi namwita fundi, yeye ananiita "mzee, nishikie ngazi". Wiki mbili nilikuwa narudi nyumbani nimenuna, mke wangu akidhani naumwa. Halafu siku moja dukani nikamwona anachuna waya kwa kisu na kuukwaruza. Juu rangi ya shaba, ndani mweupe: alumini iliyopakwa. Akaurudisha pale pale, akadai wa shaba tupu. Nikasema moyoni, huyu nitamshikia ngazi mpaka anichoke.

Sasa ninyi wa dagaa mna kitu ambacho mimi sikuwa nacho. Karabai mmeziacha, mnafunga taa za betri wenyewe, chanya na hasi mnazijua, na waya uliolegea mnajua unachemka. Hapo hapo ndipo pana mtego. Betri ya volti 12 umeizoea, unaishika huku unapiga soga. Umeme wa nyumbani ni volti 230, na mtu aliyelowa haumpi hata nafasi ya kusema "kumbe".

Ngoja niwaambie la kwangu, maana hamtalisikia kwa mtu mwingine. Nyumba ya kwanza niliyofanya peke yangu ilikuwa Mabatini, kule juu kwenye mawe. Fimbo ya ethi, ile ya chuma inayoshusha ardhini umeme uliovuja, inatakiwa izame mita moja na zaidi. Yangu ilizama shubiri mbili ikagonga mwamba. Jua kali, mwenye nyumba kanisimamia anauliza tunamaliza saa ngapi. Nikaikata kwa msumeno, nikafunga waya wa kijani kwenye kisiki kilichobaki, nikafukia, nikasawazisha udongo vizuri kabisa. Na ile swichi inayokata umeme ukivuja, mwenye nyumba alikuwa ameiondoa ili kupunguza gharama, nami nikanyamaza.

Miezi michache baadaye mama mwenye nyumba akanipigia: friji inamng'ata akiigusa akiwa peku. Umeme ulikuwa umevuja kwenye bati la friji, ethi yangu haikuwa njia ya maana ya kuushusha ardhini, basi ukapita kwake. Nilipanda ule mlima usiku ule ule magoti yakitetemeka, na si kwa sababu ya mwinuko. Nilirudia kwa hela yangu: nikatafuta mahali bafu linapomwagia maji, udongo ulipo na unyevu, nikapigilia fimbo mbili, nikaziunganisha kwa shaba, nikapima. Ile swichi nikanunua mwenyewe. Mafundi wa Dar wanachomeka ethi kwenye mchanga kama mshikaki. Sisi Mungu katupa mawe, na mwamba haudanganywi kwa msumeno.

Mambo ya karatasi nitayasema kwa kifupi. Baada ya chuo fuatilieni leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Bila hiyo utaishi kwa kuomba muhuri wa mwenzako, na mtaani jina lako litakuwa kishoka, fundi asiye na kibali. Wale ambao tayari mnafanya wairingi bila cheti, VETA wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi alionao mtu. Nendeni mkaulize. Na msiuze mtumbwi mwaka wa kwanza, tafadhali. Giza likirudi, ingieni ziwani usiku mbili tatu, ada ipatikane.

Wewe binti unayekaanga sato pale getini, uliyeniuliza kama wanawake wanachukuliwa: wanachukuliwa, na barua hii ni yako pia.

Jumamosi nina nyumba ya vyumba vitatu Buhongwa. Anayetaka kuona aje saa moja asubuhi, amevaa viatu vya soli ya mpira. Pete na saa aache nyumbani. Ngazi ninayo.

Mzee wenu,
fundi wa Mabatini