Barua ya wazi kwa vijana mnaomrekodi mwenzenu akisinzia

Wanangu,

Juzi nilionyeshwa video kwenye simu. Kijana amesimama kando ya ukuta, magoti yamelegea, kichwa kinashuka polepole mpaka kidevu kinagusa kifua. Anashtuka, anajikuna shingo, kichwa kinashuka tena. Wanaorekodi wanacheka, na mmoja anamwita kwa jina lake la utani. Kumbe mnamjua! Mmekula naye, mmecheza naye, na leo aibu yake mmeifanya burudani.

Nimekasirika, sifichi. Ule si usingizi wa mtu aliyechoka. Anayetumia heroini, au baadhi ya vidonge vikali vya maumivu, husinzia hivyo akiwa wima, mboni za macho zimesinyaa kama tundu la sindano, ngozi inamwasha, maneno yanamtoka kwa kukokota. Kitu kinachomlegeza shingo ndicho kinachopunguza pumzi zake. Angeweza kuacha kupumua mbele yenu, huku mkitafuta pembe nzuri ya kamera.

Na hakuanza siku hiyo. Rafiki huona mapema kuliko mzazi, kwa hiyo mliona. Alivaa mikono mirefu kwenye joto kali. Alikopa hela kwa visa visivyoshikana. Simu yake "iliibiwa", kisha nyingine nayo "ikaibiwa". Kuna asubuhi alikuwa akitokwa kamasi, miayo haikatiki, vinyweleo vimesimama, tumbo linamwendesha, mkasema ana mafua. Mafua gani yanayopona mtu akitoka nje nusu saa tu? Ile ilikuwa arosto, mateso ya mwili unaodai dawa uliyoizoea.

Dawa nyingine za kulevya zina alama zake. Bangi: macho mekundu. Vichangamshi: mboni zilizopanuka, usiku kucha hakulala, hana hamu ya kula, anaongea bila kituo. Wanaovuta gundi: harufu kali kwenye nguo, vidonda kuzunguka mdomo.

Lakini msikurupuke kumtangaza mtu. Dalili moja haitoshi; sonona hubadilisha mtu, na kisukari humkondesha. Tazameni mambo yanavyoongozana.

Nasi wazee tuna lawama. Tumewaita mateja, tumewafukuza majumbani, tumeficha ugonjwa mpaka siku ya msiba ndipo kila mtu akasema "nilijua". Uraibu ni maradhi na una tiba. Methadoni, dawa ya hospitali anayopewa mraibu badala ya heroini, imewarudisha wengi kazini na kwa watoto wao.

Basi mwendee mwenzako faraghani, akiwa hajatumia. Usimwite majina. Mwambie ulichokiona kwa macho yako, na ujitolee kwenda naye kwenye matibabu. Akikukasirikia leo, rudi tena kesho.

Ukimkuta haamki hata ukimtikisa, anakoroma kwa kukwama, midomo na kucha zimekuwa za bluu au kijivu, piga simu ya dharura papo hapo na useme wazi ametumia nini. Kama naloksoni ipo, ile dawa inayokata nguvu ya heroini na kurudisha pumzi, apewe. Akiwa anapumua, mlaze kwa ubavu asipaliwe na matapishi. Kama hapumui, mpulizie pumzi mdomoni mpaka msaada ufike. Usimwache peke yake.

Na aliyetoka matibabuni au gerezani baada ya kukaa bila dawa za kulevya, kaeni naye karibu zaidi. Mwili wake haustahimili tena kipimo alichokizoea, na akikirudia kilekile kinaweza kumuua. Mwambieni hivyo waziwazi, hata kama ameapa kwamba ameacha.