Bei uliyonunulia mzigo isikuamulie bei ya kuuza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wafanyabiashara wenzangu, hasa sisi wa nguo hapa Kariakoo. Kuna kauli tunaipenda sana, "siuzi chini ya hela niliyonunulia", na mtu akishaisema anajiona ndo anaijua biashara. Mi naona ndo inatumalizia mitaji.

Jirani yangu wa fremu, Krismasi imepita kabaki na magauni 40 ya watoto, kila moja alilichukua kwa 18,000. Kaja mama mmoja anayataka yote kwa 15,000 kila moja, jamaa kagoma, eti atakula hasara ya laki na ishirini. Sawa, ila ile 18,000 ilishaondoka, uuze usiuze hairudi, cha kujiuliza ni hiyo laki sita ya leo ingekufanyia nini. Januari watu wanahangaika na sare za shule, ukichukua sare za laki sita ukapata faida ya asilimia 20 tu basi laki na ishirini yako imerudi kwa mzunguko mmoja, na ukiwahi unazungusha tena kabla shule hazijafunguliwa. Yeye magauni anayo mpaka leo, yale ya mlangoni yameshapauka mabegani kwa jua, na mwakani fasheni itakuwa nyingine.

Wala tusijione wajinga peke yetu. Uingereza na Ufaransa walisaini kutengeneza ndege ya abiria ya Concorde mwaka 1962, gharama zikapanda na kupanda lakini wakazidi kumwaga hela, mwishowe mashirika ya ndege yakapata ndege 14 tu na 2003 zikaacha kuruka. Serikali mbili na wachumi wao wote hao!

Kosa hilo hilo linauma na upande wa pili. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kwenye 2,300 hivi, katikati ya 2024 ikawa imepita 2,600, na mzigo wa kutoka nje ukapanda nayo. Waliokuwa wanajumlisha faida juu ya bei ya zamani waliuza haraka wakafurahi, wanarudi kufuata mzigo mpya hela haitoshi kurudisha hata ule ule waliouza. Kwa hiyo bei ya kupigia hesabu ni ile utakayonunulia mzigo ujao.

Watasema ukishusha wateja watazoea, wakija tena wanataka bei ya hasara. Hapo wana hoja, tena nzito. Ndo maana wajanja mzigo uliolala hawautundikii bango dukani, wanawapa wamachinga wautembeze Mbagala na Gongo la Mboto huko, dukani bei inabaki ilivyo.

Na kodi ya fremu pia ni hivyo hivyo, ukishalipa ya miezi sita isiwe sababu ya kung'ang'ania bei, hesabu yake ifanye mkataba ukikaribia kuisha, ubaki hapo au utafute kwingine.

Mfanyabiashara wa nguo,
Kariakoo, Dar es Salaam