Malalamiko kuhusu tipu ya Mweka iliyogawiwa kwa noti na sarafu zisizobadilishika

Majengo, Moshi
26 Januari 2026

Meneja wa Kampuni,
Ofisi ya Moshi.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpagazi wenu, huu ni mwaka wa 9. Nilikuwa kwenye safari ya siku 7 ya Mlima Kilimanjaro, njia ya Machame, iliyoshukia geti la Mweka Jumamosi tarehe 17 Januari, wageni 4, wapagazi 11. Nimelazimika kuandika kwa sababu nimepiga simu ofisini mara mbili, na mara zote mhasibu amenijibu, "Pesa ni pesa, tafuta mtu anayesafiri."

Karatasi ya mgao wa tipu, yaani bahashishi ya wageni, niliyoisaini inaonyesha nimepokea shilingi 185,000. Ndani ya bahasha shilingi zilikuwa 95,000 tu. Zile 90,000 nyingine mlizozijumlisha ni noti moja ya pauni 20 ya Uingereza, tena ya karatasi, na sarafu za yuro: tatu za yuro 2 na mbili za yuro 1. Nilisaini ndani ya gari, giza limeshaingia, na kila mtu anataka kufika nyumbani. Bahasha nilikuja kuimwaga mezani usiku, mke wangu akiwa amekaa na orodha ya sare na madaftari ya mtoto.

Jumatatu nilikwenda benki. Dada wa dirishani aliigeuza ile noti kwenye mwanga, akamwita mwenzake, halafu akanieleza kwa upole kwamba pauni 20 za karatasi ziliacha kutumika hata huko Uingereza tarehe 30 Septemba 2022, pamoja na zile za 50. Zinazotumika sasa ni za plastiki. Sarafu hakuzigusa kabisa. Alisema benki hainunui sarafu za kigeni, maana ni uzito tu, na kuzirudisha Ulaya ni gharama juu ya gharama. Duka la kubadilishia fedha nalo likanipa jibu lilelile. Pale nje kijana mmoja akajitolea kuichukua ile noti kwa shilingi 10,000. Nilikataa, ila nataka mjue kwamba wenzangu wawili wamewahi kukubali bei kama hizo kwa sababu kodi ya chumba haisubiri.

Mwenzangu tuliyebeba naye hema la chakula alipata dola 50 ya kichwa kidogo, yaani toleo la zamani lenye picha ndogo ya rais. Marekani noti hiyo bado ni halali, kwa sababu serikali yao haifuti matoleo ya zamani. Lakini hapa Moshi hakuna dirisha alilopita likaipokea. Wanaogopa bandia, wanataka zile za kichwa kikubwa, na hata hizo ziwe safi, zisiwe na mchaniko wala mwandiko wa kalamu. Ofisi yenu inalijua hili vizuri kuliko sisi, kwa sababu miaka ya nyuma mgeni alipokuja kulipia safari kwa noti ya namna hiyo mliikataa palepale mezani. Nimeshuhudia kwa macho yangu. Sasa noti ambayo haifai kuingia kwenye sanduku lenu inakuwaje inafaa kuwa jasho la mpagazi?

Mke wangu alijaribu sarafu moja ya yuro 2 sokoni Mbuyuni, si kununulia, ni kuuliza tu. Yule mama wa ndizi aliiona ina rangi mbili akasema, "Hii ya Kenya, nenda nayo Taveta." Simlaumu. Sarafu za kwetu ni za rangi moja, za rangi mbili anazozijua yeye ni za Kenya zinazovukia mpaka wa Holili. Na hata angeijua ni yuro asingeweza kuipokea, kwa sababu tangu tarehe 28 Machi 2025 kanuni za serikali zinakataza kulipia bidhaa na huduma hapa nchini kwa fedha za kigeni.

Benki Kuu yetu ilipoziondoa noti za zamani mwaka jana, ilitangaza mapema na kutoa muda, kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili. Mama yangu kule Kibosho alisikia redioni, akafungua sanduku lake, akakuta za elfu kumi zile kubwa za mwaka 2003, akazipeleka benki akabadilishiwa zote. Noti ya mgeni ikifa huko kwao, sisi tunatangaziwa na nani? Anayeweza kujua ni ninyi, mnaoandikiana na wageni miezi kabla hawajapanda ndege.

Wageni wale walikuwa watu wema. Mzee aliyetoa pauni alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na naamini alidhani ananipa kitu kizuri. Hakuna aliyemweleza. Angeambiwa, angerudi nayo, kwa kuwa Benki Kuu ya Uingereza bado inabadilisha noti zilizoondolewa kwa anayezipeleka au kuzituma kwa posta. Na hizo yuro 8 ni chakula cha mchana kwa mtu wa Ujerumani. Kwangu ni vyuma vya kuchezea mtoto.

Naomba mnifidie hizo 90,000, au mrekebishe karatasi ya mgao ionyeshe 95,000 ili isionekane nimelipwa nisichokipata. Mwenzangu naye afidiwe dola 50 yake. Noti na sarafu zetu mzichukue ninyi. Mkurugenzi huenda Berlin kila Machi kwenye maonesho ya utalii, na huko sarafu hizi zinanunua kitu dukani. Naomba pia wageni waandikiwe kabla ya safari kwamba tipu iwe shilingi, au dola safi za toleo jipya, na sarafu za kwao wabaki nazo. Na bahasha zifunguliwe getini, mchana, mbele ya wote. Safari hii noti mpya za dola 100, zile zenye ukanda wa bluu, hatukuziona zilikokwenda. Sisemi kuna aliyezichukua, nasema hatukuziona.

Noti na sarafu nimezirudisha kwenye bahasha ileile. Nitakuja nazo ofisini Ijumaa saa 3 asubuhi, na ninaomba nikizikabidhi nipewe stakabadhi. Nimepangiwa safari ya njia ya Lemosho tarehe 3 Februari, na ningependa jambo hili liwe limekwisha kabla sijabeba mzigo.

Wenu,
Mpagazi, kwa niaba yangu na mwenzangu wa hema la chakula