Upenu wa mbao kwenye nyumba ya zamani: kwa nini tunaanza kwa kugonga ukuta

Mteja akija karakana kwetu hapa Tanga na picha ya upenu wenye nakshi kwenye simu, swali lake la kwanza ni bei. Letu ni hili: ukuta wako ni wa nini?

Nyumba nyingi za zamani za mji huu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na huko Ngamiani bado zipo za miti na udongo zilizokuja kupigwa lipu ya saruji baadaye. Kwa nje zote zinaonekana imara. Zigonge: penye lipu iliyoachana na ukuta panalia kama debe tupu. Ukuta wa namna hiyo haushiki bolti. Upenu uliouning'iniza hapo utakaa vizuri kiangazi. Masika yakiingia bolti zinalegea, maji yanapita kwenye matundu, na siku moja kipande cha ukuta kinang'oka na mbao zake. Tumeshaitwa kwenye kazi za hivyo, na kurudishia ukuta kukagharimu kuliko upenu wenyewe.

Ndiyo maana upenu wetu husimama kwa nguzo zake nne. Wala nguzo hatuziziki kwenye zege, kwa sababu mti uliozikwa unaoza mahali usipopaona. Tunazikalisha juu ya viatu vya chuma, inchi mbili kutoka sakafu ya baraza, upepo upite. Paa linapokutana na ukuta tunakunja bati na kuziba kwa chokaa. Saruji hapo hufungia unyevu ndani ya ukuta.

Sasa nakshi, kazi tunayoipenda kuliko zote. Yale meno ya ukingoni mwa paa si pambo tu: maji hushuka hadi kwenye ncha na kudondoka, badala ya kurudi nyuma kwenye kenchi. Lakini ukichonga meno kwenye ubao mmoja mrefu uliolazwa, nyuzi za mti zinakatiza kila jino, na ncha inavunjika kwa kuguswa na fimbo ya mtoto. Sisi tunasimamisha vibao vya inchi nne, kimoja kando ya kingine, nyuzi zikishuka pamoja na ncha. Kazi inaongezeka, ni kweli, ila kibao kikiharibika unabadilisha hicho kimoja. Ncha tunazichovya kwenye mafuta kabla ya kufunga, maana mti hunywa maji zaidi pale ulipokatwa kichwa.

Mtiki tunaupata jirani, kwenye shamba la miti la Longuza kule Muheza, na mafuta yake ya asili yanaufaa sana ufukweni. Mninga unachongeka vizuri zaidi. Mbao laini za Lushoto ni za papi tu, zile fito za kupigilia bati, zikiwa na dawa. Zote tunazilaza ghalani wiki kadhaa kabla ya kupiga randa, kwa sababu mbao iliyokaukia bara hufura ikifika pwani. Misumari ya kawaida huliwa na chumvi na kuacha michirizi myeusi, hivyo tunatumia skrubu zisizoshika kutu.

Kama nyumba iko katikati ya mji wa zamani, ulizeni kwanza Halmashauri ya Jiji kabla ya kugusa sura yake ya mbele.

Mkija, leteni picha ya nyumba ilivyo leo, na kama ipo, ile ya zamani ya familia iliyopigwa barazani. Mara nyingi nyuma ya babu na bibi waliokaa kwenye mkeka nakshi ya asili inaonekana, na hapo ndipo tunapoanzia kuchora.