Kaka, ukija Uyole Novemba hii, anza na mlango

Kaka, shikamoo.

Shangazi ameniambia unarudi nyumbani msimu huu wa mvua, na hamu yako kubwa ni kukaa barazani uangalie wingu linavyoshuka kutoka mlima Loleza. Karibu sana. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu simu zangu hupokei, na kwa sababu wapo wengi wa huko Dar wanaopanda huku wakidhani mvua ya Mbeya ni dada yake ile ya Kariakoo.

Siyo. Huku tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Tone likibebwa na upepo unaopanda ndani ya wingu hadi kule maji yanakoganda, linageuka jiwe. Likianguka Dar lina kilomita nne na zaidi za hewa ya joto za kuyeyukia. Hapa lina kama tatu tu. Ndiyo maana bati letu linajua mawe na la kwako halijui.

Asubuhi utakuta anga jeupe. Kwenye saa sita wingu linaanza kuumuka juu ya mlima kama unga wa maandazi. Linapoumuka halina neno, tazama kichwa chake: kikitandaa bapa kama fuawe la mhunzi na tumbo likawa jeusi tii, anua nguo. Kisha, jua likiwa bado linawaka, utapigwa na upepo wa baridi wa ghafla wenye harufu ya udongo. Huo si wa kupunga, kaka. Ni hewa iliyopozwa na mvua inayonyesha mbele, imeporomoka chini na kusambaa, nayo huitangulia mvua kwa dakika chache. Mapaa mengi huondoka na huo, kabla hata tone halijadondoka.

Na hapo ndipo ninapokuona mpaka leo, siku ya pili ya msiba. Kina mama wako kwenye mikeka sebuleni, wewe umesimama kizingitini, mlango wazi hadi mwisho, simu juu, unarekodi wingu. Shangazi akasema, "Funga." Ukasema, "Dakika moja." Upepo unaopita juu ya bati hulivuta; ule ulioingia mlangoni ukakosa pa kutokea hulisukuma kutoka chini. Viwili hivyo vikishirikiana papi, ile mbao inayopigiliwa bati, haina ubavu. Bati saba zikahamia kwa jirani, mawe yakamwagika juu ya magodoro ya waombolezaji, na neno lako la kwanza likawa kwamba paa lilijengwa vibaya.

Haya, tuliseme. Geji 30 niliichagua mimi, na najua namba ikipanda bati linakuwa jembamba, 28 ingevumilia. Misumari ilipigwa kila mgongo wa nne wa bati, wakati kwenye upenu na pembeni ilitakiwa kila mgongo wa pili, maana kingo ndizo zinazovutwa zaidi. Kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zilikalishwa tu juu ya lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, hazikufungwa waya. Nilikuwepo, niliona. Lakini hela uliyotuma ilitosha bati au waya, si vyote viwili, na mama alikuwa analala chini ya turubai. Ungefanyaje wewe? (Wasomaji mtatusamehe, haya ni ya kwetu.)

Radi sasa. Hesabu sekunde tangu mmweko hadi ngurumo, gawa kwa 3, hizo ndizo kilomita. Zikiwa sekunde 30 au pungufu, ingia ndani, chomoa televisheni na waya wa dishi, usioge. Usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Hapo ndipo upande ngazi ukazoe mawe kwenye gata, kwani yanaziba mdomo wa bomba, maji yanarudi nyuma chini ya bati, na baada ya siku mbili siling bodi ina madoa ya rangi ya chai. Viazi vya mama navyo: jani lililochanika ni mlango wa ukungu. Majani yakishakauka maji piga dawa, usingoje wiki.

Mlango wa upande upepo unakotoka ndio wa kwanza kufungwa, kisha madirisha yote. Anayekwambia uache wazi ili upepo upite hajawahi kuokota bati. Angalia kupitia dirisha la jikoni. Loleza inaonekana vizuri kuliko barazani, na kiti chako nimekiweka hapo.

Paa jipya limefungwa waya kila kenchi, umebaki upande wa stoo. Njoo na kilo tatu za waya wa kufungia nondo.

Kioo cha mama kiko palepale ukutani, kanga yake kwenye msumari. Ngurumo ya kwanza, kifunike. Hakizuii radi, nawe unajua hivyo. Kifunike tu.