Wamepima kifusi na maji ya boza

Mhariri,

Mimi ni mchimba visima hapa Kisauni tangu 1991. Mtaani kwetu kuna kiwanja kilichokuwa cha kiwanda, na sasa kinakatwa ploti za nyumba. Jina la kiwanda silitaji. Wenyewe walishahama, na waliokinunua kiwanja si wao waliomwaga kitu. Mwezi uliopita tuliitwa kikaoni tukasomewa karatasi: udongo umepimwa, maji yamepimwa, vyote salama. Watu wakapiga makofi, tukanywa soda, tukaondoka.

Siku ya kupima mimi nilikuwapo, nimeketi ng'ambo ya pili ya ukuta na kikombe changu cha kahawa. Kijana mmoja alishuka garini na jembe dogo, akachota udongo mahali pane, kina cha shubiri moja hivi, akautia mifukoni. Sasa udongo ule mweupe si wa kiwanja kile. Ni kifusi cha matumbawe, kilicholetwa na malori kutoka machimboni mwaka jana, na sote tunakikumbuka kwa kuwa malori yalitunyima usingizi wiki mbili nzima. Kifusi chenyewe kinafika magotini. Alipomaliza, akafungua mfereji ulio kando ya lango akajaza chupa. Mfereji ule unatoka kwenye tangi la plastiki, na tangi linajazwa na boza. Majibu kuwa mazuri hayakunishangaza.

Udongo wa kiwanda uko chini ya kifusi hicho, nami naujua kwa mikono yangu. Mwaka 1994 niliitwa na kiwanda hichohicho nichimbe shimo nyuma ya ghala, futi 22, lisilojengewa ukuta wala kutiwa saruji. Lilikuwa la kumeza maji yaliyooshewa vyuma kabla havijapakwa rangi, pamoja na dawa ya kutoa grisi. Dawa hiyo ilinukia utamutamu, na ukikaa karibu nayo kichwa kinazunguka. Nilisifiwa sana kwa shimo lile kwa sababu halikujaa hata siku moja, na mimi nikavimba kichwa. Leo najua shimo lisilojaa kwenye mwamba wa matumbawe limepata ufa, na kila lilichonyweshwa kimekwenda kwa jirani.

Kila uchafu una mwendo wake. Dizeli huelea juu ya maji ya kisima. Ukivuta ndoo utaiona ikimetameta rangi za upinde wa mvua. Risasi ya betri mara nyingi hung'ang'ania udongo wa juu, ikawa vumbi la kuchezewa na watoto, isipokuwa ikipata asidi ya kuisukuma chini. Lakini dawa za kutoa grisi zenye klorini ni nzito kuliko maji. Huzama hadi zifike tabaka gumu, kisha hutambaa kufuata mteremko wa tabaka hilo, hata kama maji yenyewe yanaelekea kwingine. Kisima kinaweza kuwa na maji maangavu kama kioo na dawa ikawamo.

Kwa hiyo atakayerudi kupima aanze kwa kuuliza waliofanya kazi mle. Bado tupo wachache. Akitoboe kifusi mpaka udongo wa asili, achukue sampuli za vina mbalimbali, na zaidi pale palipokuwa na shimo na pale palipopangwa mapipa. Maji yatoke kwenye visima vya jirani, baada ya kutekwa kwanza yale yaliyolala. Visima visipungue vitatu, na kina cha maji kipimwe kwa vyote saa ileile, maana kisima kimoja hakikwambii maji yanaelekea wapi. Na visima vyetu hupanda na kushuka na bahari. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, hata kamba ya ndoo inakuonyesha tofauti. Ukipima kimoja maji yakijaa na kingine yakipwa, umejidanganya mwenyewe.

Kwa wanaoniona mzushi, waende Owino Uhuru, upande wa Jomvu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichowatia wakazi sumu ya risasi, kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na udongo na maji visafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zitolewe milioni 700 za kazi hiyo. Rufaa zikafuata, fidia ikatenguliwa, hadi Mahakama ya Juu ilipoirudisha Desemba 2024. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kufungwa kiwanda alikuwa ametimiza miaka kumi. Sisi bado hatujajenga hata msingi mmoja; kutoboa mashimo sasa ni kazi ya siku chache.

Mimi goti moja limeshakufa, lakini fimbo ninayo. Pembeni mwa shimo lile palikuwa na mnazi, ukakatwa. Kisiki chake kimefunikwa na kifusi, usawa wa nguzo ya tatu ya ukuta wa nyuma. Kutoka kisikini hesabu hatua saba kuelekea kibla. Wapimaji wakija tena wanitafute barazani kwa muuza kahawa, kabla ya adhuhuri.

Mchimba visima,
Kisauni, Mombasa